Mng'ao au Mati

Fundi Ngwembe alifika saa mbili asubuhi, Jumatatu, na vioo viwili vilivyofungwa kwa blanketi la kijivu. Aliviweka taratibu juu ya meza ya Skolastika Kindole, akafungua kamba, akavisimamisha kimoja kando ya kingine.

"Hiki cha mng'ao unakijua," alisema, akikigonga cha kushoto kwa ukucha. "Ni kilekile mlichokizoea, ila toleo la mwaka huu. Hiki kingine ni cha mati, haking'ai. Kishike."

Skola alipitisha kidole. Cha kushoto kiliteleza kama sahani iliyotoka kuoshwa, na ndani yake akauona uso wake mwenyewe, kilemba chake, na dirisha lililokuwa nyuma yake. Cha kulia kilikwaruza kidogo, kama ganda la yai. Hakikuonyesha uso wa mtu wala dirisha. Kilikuwa cheusi tu.

"Hiki mbona sijioni?"

"Uso wake umekwaruzwa kwa dawa tangu kiwandani. Mwanga ukifika pale unatawanyika." Ngwembe alianza kuikunja kamba yake. "Wewe hujioni, na chenyewe hakikuoni. Hapo ndipo penye kesi yote."

Kituo cha Upekuzi wa Picha za Maafa kilikuwa juu ya kilima, mjini Iringa. Mjini watu walikiita Kituo cha Macho. Palipotokea mafuriko, moto au maporomoko popote nchini, droni ziliruka juu ya eneo na kupiga picha, na picha zilikatwa miraba midogo ya hatua tatu kwa tatu. Kila mraba ulifika mbele ya mtu. Mashine zilikuwa zimejaribiwa kwa kazi hiyo zikashindwa, kwa sababu tope likishapita juu ya nyumba hakuna kitu kinachobaki na umbo lake, na mashine ilikuwa inatafuta maumbo. Kwa hiyo waliajiriwa watu. Mbele ya kila mtu palikuwa na vitufe vitatu: kijani, uhai; nyekundu, hakuna uhai; njano, haijulikani.

Tatizo lilikuwa kwamba watu wanaumia. Ndipo kikaja kioo cha mng'ao. Nyuma ya kioo kile kilichong'arishwa kulikuwa na macho madogo kwa maelfu, yakisoma mboni za mtu aliyekaa mbele yake, kope zake, rangi ya ngozi chini ya macho. Moyo ulipoanza kwenda mbio, kioo kilijua kabla ya mwenye moyo. Kilipepesa mwanga wake kwa namna ambayo jicho halikuitambua lakini mwili uliitii, na ndani ya pumzi tatu mtu alikuwa ametulia. Kazi iliendelea. Hakuna aliyelia, hakuna aliyetapika, hakuna aliyeomba kuhamishwa. Kwenye kioo cha mati usomaji huo haukuwezekana. Mikwaruzo iliyozuia mwanga wa dirisha ndiyo iliyozuia pia macho yale madogo.

Mkurugenzi, Bi Hanuni Chaurembo, aliingia wakati Ngwembe bado anafunga nyaya. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na mazoea ya kukaa anapozungumza.

"Skola, jengo jipya linahitaji viti mia tatu na arobaini," alisema. "Wapo wakubwa wanaotaka mati. Wanasema mng'ao unawafanya watu wawe magogo. Nimeambiwa nijaribu kwa wiki moja, mtu mmoja, vioo viwili, asubuhi hiki na mchana kile. Mtu huyo ndiye atakayetia sahihi kwenye pendekezo. Nimekutaja wewe."

"Hatuwezi kuweka vyote viwili? Kila mtu achague chake?"

"Orodha yetu ya marehemu ni hati ya mahakama. Watu wanarithi kwa hiyo, wanaolewa tena kwa hiyo. Wanasheria wamekataa itoke kwenye macho ya aina mbili."

"Na kwa nini mimi, Bi Mkurugenzi?"

"Kwa sababu kwa miaka sita hujaumwa hata siku moja."

"Niliomba siku tatu, mama alipofariki."

"Ukatumia moja," alisema Bi Chaurembo, bila ubaya wowote, akatoka.

Ilikuwa kweli. Mama yake alizikwa Mafinga siku ya Ijumaa, na Skola alishughulikia viti, maturubai na maji ya kunawa. Wadogo zake waliangukiana wakilia kaburini. Yeye alisimama pale akitazama udongo mwekundu, akafikiri kwamba jembe moja lilikuwa na mpini uliolegea. Jumamosi asubuhi alikuwa kazini. Dada yake Beata alimpigia simu mara moja tu baada ya hapo, akamuuliza, "Skola, wewe umekuwa mtu wa namna gani?" na Skola alilifikiria swali lile kwa uaminifu, akakuta hana jibu. Hata kukosa jibu hakukumuuma.

*

Mlima Lidugu uliporomoka alfajiri ya Jumanne, baada ya mvua ya siku tisa. Kijiji kizima kilichokuwa chini yake kiliondoka mahali pake. Siku ile jaribio liliwekwa kando na kila mtu Kituoni alikaa mbele ya kioo cha mng'ao, na hadi saa kumi na mbili jioni miraba yote elfu kumi na mbili ilikuwa imepekuliwa. Walipatikana watu kumi na saba walio hai. Bi Chaurembo alipita katikati ya meza akisema ahsanteni.

Jumatano asubuhi alimwita Skola. "Endelea na jaribio lako. Mng'ao asubuhi, mati mchana. Tutakupa miraba ya Lidugu iliyokwisha kupekuliwa, tulinganishe majibu yako na ya wenzako."

Asubuhi ilipita kama asubuhi nyingine zote. Skola alifunga mapazia, kwa sababu kioo cha mng'ao hakivumilii dirisha, akaanza. Jiko la mkaa na sufuria yenye ugali uliokwisha kuganda. Nyekundu. Bati, tope, kwato za mbuzi. Nyekundu. Kichwa cha mtu mzima, nywele zimejaa udongo. Hapo alihisi kitu kikiinuka kifuani, kidogo tu, kama mtu anayetaka kusimama halafu akakumbuka kwamba hana pa kwenda, kisha kikakaa. Nyekundu. Kufikia saa sita alikuwa amemaliza miraba mia saba na kumi.

Mchana alihamia kioo cha mati. Alifungua mapazia, na jua likaingia mpaka juu ya meza bila kukisumbua kioo hata kidogo. Picha zilikuwa zimefifia kidogo, rangi zake kavu. Dakika za kwanza hakuona tofauti. Halafu taya likaanza kumuuma, akatambua kwamba alikuwa ameuma meno. Mraba wenye ndala moja ya mtoto ulimchukua dakika kumi na moja. Hapakuwa na cha kutazama ndani yake zaidi ya ndala. Alikuwa ameshaamua kubonyeza nyekundu, lakini kidole hakikushuka. Aliitazama ile ndala, kamba yake iliyoshonwa kwa uzi wa nailoni, na viganja vyake vikawa baridi. Akaona aibu kwa uvivu ule. Alitazama saa: miraba kumi na tisa kwa muda ambao angemaliza mia.

Kisha ukaja mraba wa elfu nne, mia moja na kumi na nane. Mlango wa mbao, uliopakwa rangi ya bluu, umelala juu ya kifusi. Chini ya mlango, pembeni, ncha ya kitenge cha njano. Juu ya picha paliandikwa: *Imepekuliwa na O. Mhongole, Jumanne, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Hakuna uhai.*

Droni ilikuwa imepita juu ya mraba ule mara sita. Skola alitazama picha ya kwanza, ya saa tatu asubuhi. Kwenye kioo kingine angeondoka papo hapo. Lakini hapa hapakuwa na kitu cha kumwondoa, na yeye mwenyewe hakujua tena namna ya kuondoka, kwa hiyo alikaa nayo. Kitenge kilikuwa na mikunjo mitatu. Akafungua picha ya pili, ya saa tano. Mikunjo miwili.

Alirudi kwenye ya kwanza. Mitatu. Ya pili. Miwili.

Hakufungua picha nyingine. Alibonyeza kijani, akainua simu ya mezani na kusoma namba ya mraba kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliiona ni ya mtu wa kawaida kabisa. Alipoiweka simu chini aliushika mkono wake kwa mkono mwingine, akaukalia.

Waokoaji waliuinua mlango saa kumi kasoro. Chini yake palikuwa na mwanamke aliyevunjika nyonga, hai, akiwa na fahamu zake zote. Jina lake Felista Nyenza. Kando yake palikuwa na mwanamume aliyekufa.

*

Obedi Mhongole alikuwa mtu mzima kuliko wote Kituoni. Zamani alifundisha hesabu sekondari, na hata mkurugenzi alimwita Mwalimu. Alhamisi, wakati wa chai ya saa nne, alimkuta Skola kantini akaketi mbele yake na kikombe chake.

"Wamenionyesha mraba wa elfu nne mia moja na kumi na nane," alisema.

"Pole, Mwalimu."

"Usinipe pole. Nataka nikwambie jambo na wewe unisikilize, maana wewe ndiye mwenye kalamu." Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Ule mkunjo wa kitenge niliuona. Sikukosea kuona. Nilizitazama picha zote sita. Ila sikuona kama ni kitu cha kunisimamisha. Umenielewa? Kiliinuka kitu hapa," alijigusa kifua, "kioo kikakilaza, mimi nikaendelea."

Skola alielewa vizuri sana. Alitazama kikombe chake.

"Sasa utasema mng'ao uondoke," Obedi aliendelea. "Mimi nilikuwepo kabla ya mng'ao, mdogo wangu. Nilipekua mafuriko ya Mto Lwasi kwa vioo vya kawaida, wiki tano. Tulikuwa arobaini. Kumi na mmoja waliacha kazi. Damiani, yule aliyekuwa anakaa jirani yangu, mpaka leo hatoki chumbani kwao. Mama yake humpelekea chakula mlangoni. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga. Miezi minane sikumshika mkono, Skola. Nikiuona mkono wake nauona mwingine, niliouona kwenye picha za Lwasi. Mke wangu alimvisha soksi mikononi ili niweze kumbeba."

Kantini ilikuwa na kelele za vijiko. Mtu alicheka kwa nguvu kwenye meza ya dirishani.

"Kwa sababu ya mng'ao nina watoto wanne ambao wamelala mgongoni mwangu," alisema Obedi. "Usinirudishe kule."

"Na yule mama, Mwalimu?"

Obedi alifikiri. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, uso wa mtu anayetafuta jibu la hesabu ya mtu mwingine. "Ndiyo," alisema mwishoni. "Huyo yupo." Akanywa chai yake mpaka mwisho, akarudi kwenye mraba wake.

Mchana ule Skola alikwenda kwa Bi Chaurembo, akamweleza yote: ndala, mikunjo, mkono aliolazimika kuukalia. Mkurugenzi alimsikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Sasa nikupe upande wa pili," alisema. "Jumanne, kwa mng'ao, tulimaliza Lidugu yote kabla ya giza. Tukapata kumi na saba. Kwa mwendo wako wa jana, kwa mati, tungemaliza Ijumaa. Wangapi kati ya wale kumi na saba wangefika Ijumaa? Na mama Nyenza ulimpata kwa sababu ulikuwa unarudia kazi ambayo mwenzako ameimaliza. Wewe hukuwa na haraka. Haraka yote ilibebwa na Obedi."

"Tungeongeza watu."

"Watu wapi? Nitangaze kazi ya kuangalia maiti bila kinga, nani ataleta barua?" Hakuwa anabishana, alikuwa anauliza. "Mimi sijui lililo sahihi, Skola. Ningelijua ningesaini mwenyewe."

"Kwa hiyo nani atakuwa amekosea?"

"Yeyote atakayesaini. Kwa njia yoyote atakayosaini."

Skola alirudi mezani kwake, akakaa kati ya vioo viwili ambavyo vyote vilikuwa vimezimwa. Alijaribu kuwafikiria wale kumi na saba, mmoja mmoja, kisha yule mmoja. Alijaribu kuona upande upi unamuumiza zaidi ili aufuate. Lakini baada ya miaka sita maumivu yalikuwa kitu alichokisikia kwa mbali, kama redio ya jirani: unajua inapiga, hujui inasema nini.

*

Ijumaa asubuhi alipokea ujumbe kutoka hospitali. Mama Nyenza alitaka kumwona mtu aliyemwona.

Wodi ilikuwa na vitanda sita na harufu ya dawa ya kudekia. Felista Nyenza alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mguu umeinuliwa kwa kamba na jiwe la uzito. Kando yake alikaa shangazi yake mzee, akimenya chungwa polepole bila kulila.

"Kamwene, mama," Skola alimsalimu.

"Kamwene. Kaa hapo, mwanangu. Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Mikono yako ni midogo," alisema Felista, kama aliyekuwa anatarajia mtu mwingine. "Nimekuita kwa neno moja. Kile kidude cha angani kilikuwa kinapita juu yetu. Tulikisikia Jumanne yote. Mume wangu aliniambia, tulia Felista, wanatuona. Alikuwa ameweza kutoa mkono kwenye ufa wa mlango. Kila kilipopita alikuwa anapunga. Mpaka jioni alikuwa anapunga. Jumatano asubuhi nikamwita hakuitika. Nataka kujua. Tulikuwa tunaonekana, au alikuwa ananifariji tu?"

Shangazi aliacha kumenya.

Skola alijua kwamba lilikuwepo jibu ambalo lingempa mwanamke huyu usingizi. Angeweza kusema mawingu. Angeweza kusema tope, pembe mbaya ya kamera, bahati. Kanuni za Kituo zilimtaka aseme hivyo hasa, kwa maneno yaliyokwisha kuandikwa na wanasheria.

"Mlionekana, mama," alisema. "Jumanne, saa tisa alasiri. Mtu aliwaona."

"Mtu?"

"Mwenzangu."

"Sasa mbona hamkuja?"

Skola alimweleza. Alimweleza kioo cha mng'ao jinsi kinavyosoma uso na kuutuliza, na kwamba mtu aliyetulizwa anaona kila kitu na hakuna kinachomsimamisha. Alimweleza bila kuremba, na alipokuwa anaeleza aliyasikia maneno yake yakitoka sawasawa, makavu, kama anayesoma maelekezo ya kutumia pasi. Akasema pia, "Na mimi ni vilevile. Kama ungekuwa mraba wangu wa asubuhi, nisingekuona."

Felista alimtazama. Hakulia. Ganzi ilikuwa imemkaa hata yeye, Skola aliiona, ingawa yake ilitokana na msiba na haikuwekwa na mashine.

"Huyo mwenzako analala?" aliuliza.

"Analala."

"Ana watoto?"

"Wanne."

"Mimi sikujaliwa. Nilikuwa na Zakayo." Aligeuza uso ukutani. "Mwambie. Mwambie aliyempungia mkono alikuwa anaitwa Zakayo Nyenza, fundi seremala, na mlango ule aliutengeneza mwenyewe. Simtumii laana. Nataka tu ajue jina. Mtu hawezi kumwona mtu siku nzima halafu asijue jina lake."

Skola alisimama. Shangazi alimpa nusu ya chungwa, akalipokea kwa mikono miwili, akatoka nalo mpaka nje ya geti, akalila lote akiwa amesimama juani.

*

Alitia sahihi saa nane mchana, mbele ya Bi Chaurembo. Kwenye fomu palikuwa na visanduku viwili na nafasi ya maelezo. Aliweka alama kwenye mati. Kwenye maelezo aliandika zamu za saa mbili badala ya nane, daktari wa akili kila sakafu, na kwamba wafanyakazi wote wa zamani waruhusiwe kuhamia kazi nyingine bila kupoteza cheo. Chini yake aliongeza: *Tutachelewa. Wapo watakaokufa kwa sababu tumechelewa, nami najua hivyo ninaposaini.*

Mkurugenzi alisoma mstari wa mwisho mara mbili. "Huu ungeweza kuuacha."

"Naomba ubaki."

"Na sababu? Hapa hujaandika kwa nini."

Skola alitafuta. Alitaka kusema kitu kuhusu haki, lakini neno lilikuwa kubwa kuliko alilokuwa nalo. "Yule mzee alikuwa anatupungia," alisema. "Nadhani aliamini kwamba huku juu kuna mtu."

Bi Chaurembo alivuta kiti chake akakaa, jambo ambalo Skola hakuwahi kumwona akilifanya. Akapiga muhuri.

Obedi alikuwa mezani kwake, pazia limefungwa, uso wake ukielea juu ya miraba iliyokuwa inapita kwenye mng'ao. Skola alisimama ubavuni kwake. Hakungoja amalize.

"Mwalimu, nimechagua mati. Nimetaka nikwambie mwenyewe."

Kidole cha Obedi kilisimama. Kioo kilipepesa. Skola aliiona kazi yake kwa macho: mabega yaliyokuwa yamepanda yakashuka, mkunjo kati ya nyusi ukanyooka.

"Sawa," alisema Obedi. "Basi mimi nitaandika barua ya kuacha."

"Nimeomba mhamishwe bila kupoteza cheo."

"Ahsante. Umefikiri vizuri."

"Kuna salamu nyingine. Natoka kwa mama Nyenza. Amesema mume wake aliitwa Zakayo. Alikuwa seremala. Ule mlango aliutengeneza mwenyewe. Amesema hakutumii laana, anataka ujue jina tu."

"Zakayo," alirudia Obedi. Alivuta karatasi, akaliandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, kama anayeogopa kulisahau. Alilitazama. Kioo kilipepesa, kikapepesa tena. "Skola, sihisi kitu," alisema kwa upole. "Najua hapa napaswa kuhisi kitu. Wewe unahisi?"

"Kidogo. Inakuja na kuondoka."

Aliinuka. Skola alidhani anakwenda nje kupunga upepo, lakini Obedi alivuka chumba, akapita meza za watu walioendelea kubonyeza bila kugeuka, mpaka kwenye meza ya Skola. Akakaa mbele ya kioo cha mati na kukiwasha.

"Mwalimu, si lazima."

"Nipe namba ile."

Alimtajia, ingawa alijua kwamba anaijua. Mlango wa bluu ukaja, mkavu, bila mwanga wowote wa kuuficha. Obedi alifungua picha ya kwanza, kisha ya pili. Ya tatu. Ya nne ilikuwa ya saa saba, na pale kwenye ufa wa mbao palikuwa na kitu ambacho Skola hakuwahi kukifikia, kwa kuwa yeye aliishia ya pili. Vidole vinne. Kwenye picha ya tano vilikuwa vimeinama kushoto. Kwenye ya sita vilikuwa vimeinama kulia.

Obedi hakugusa kitufe chochote. Skola alikiona kitu kile kikiinuka ndani ya mwili wa mwenzake, na safari hii hapakuwa na wa kukilaza. Kilianzia magotini. Kikapanda mpaka mabegani, na kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati ikaanza kutikisika.

"Na mkono niliuona," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi. "Niliukuza, Skola. Kanuni inasema ukiona mkono ukuze. Niliukuza, nikauona, nikasema, mkono. Nikabonyeza."

"Najua."

"Alikuwa ananipungia mimi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Watu wa meza za karibu walikuwa wameanza kutazama, kwa nyuso tulivu, bila udadisi mkubwa. Obedi alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Sauti iliyotoka nyuma ya viganja haikuwa imesikika ndani ya chumba kile kwa miaka kumi na moja, tangu mng'ao ufungwe.

"Usiniangalie," alisema.

Skola alivuta kiti, akakaa karibu naye mpaka magoti yao yakagusana, akamwangalia.